Gwaride la Miguu

Nyie vijana mnaokimbia ufukweni kila asubuhi, mkianzia soko la samaki hadi kule kwenye mikoko na kurudi, mkipita uani kwangu mnanipigia saluti ya mzaha. Nawaona. Mkono mnauweka vibaya, na yule mwenye jezi nyekundu anatumia mkono wa kushoto, lakini naipokea hivyo hivyo. Najua mnajiandaa kwenda jeshini. Na swali lenu ni lile lile kila siku, mpaka limenichosha: "Babu, kule Kagera uliua wangapi?"

Sikuua mtu. Bunduki nilipewa, niliibeba, niliisafisha, na risasi zangu zote za vita ile ziliingia kwenye kichuguu kimoja ambacho mimi, kwa woga, nilikiona kinatembea. Kazi yangu ilikuwa miguu. Nilikuwa mtu wa tiba katika kombania yetu, na mambo yalivyogawanywa, mimi nikapewa kuanzia kifundo kushuka chini. Jina langu ni Shabani, lakini kule hakuna aliyelitumia. Waliniita Fundi Miguu. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilitaka kurudi Bagamoyo na hadithi za kishujaa, nikaambulia vidole vya watu.

Sasa nisikilizeni. Vita mnayoiona kwenye simu zenu ni moto na milio. Ile niliyoiona mimi ilikuwa kutembea. Tulitembea kwenye mvua, tukatembea kwenye tope linalovuta buti kama lina mikono, mgongoni mzigo, shingoni bunduki, tumboni uji wa jana. Chawa walikuwa wametuzidi kwa idadi. Mizinga ilipoanza kulia tulijitupa chini, ikinyamaza tuliinuka, tukaendelea kutembea. Mtu akikuambia vita humalizwa na majemadari, mwambie babu mmoja wa Bagamoyo anasema humalizwa na nyayo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Koplo Yohana, mtu wa Songea, mpole, mwenye sauti ndogo utadhani anaomba maji ya kunywa. Kila alasiri tulipopiga kambi alitangaza gwaride la miguu. Askari wote wanakaa chini kwa mstari, wanavua mabuti na soksi, sisi tunapita mmoja mmoja. Harufu yake sitaisimulia, huenda mnasoma haya mkiwa mnakula. Siku ya kwanza nilipita nimesimama, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Koplo akanivuta shati. "Kaa chini, bwana mdogo. Mguu hauangaliwi, mguu unashikwa."

Akanionyesha. Unaukalisha mguu wa mtu juu ya paja lako. Unapitisha vidole katikati ya vidole vyake kutafuta ngozi iliyolainika. Unabonyeza kwa dole gumba, unaachia, unahesabu moja, mbili, tatu. Damu ikirudi kabla ya tatu, sawa. Ikichelewa, na mguu ukiwa wa baridi na mweupe na ngozi imejikunja kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, huo mguu umeanza kufa na mwenyewe hajui, maana ukishaanza kufa hauumi tena. Mguu usiouma uogopeni kuliko unaouma.

Halafu, ukishamaliza, unamwuliza swali moja: "Na mwenyewe umelalaje?"

"La nini hilo, afande?" nilimwuliza. "Si tunatibu miguu?"

"Wewe uliza tu," alisema. Niliuliza wiki ya kwanza, wiki ya pili nikaona ni kupoteza muda. Foleni ilikuwa ndefu.

Mambo mengine niliyashika vizuri, na haya yawafae. Soksi zikilowa usizitundike kwenye begi zikapata mvua upya. Zifunge kiunoni ndani ya shati, joto la mwili litazikausha ukiwa unatembea. Buti likiwa kubwa, na nyakati zile ulipewa lililopo, jaza majani makavu ya mgomba kwenye ncha. Karatasi usijaze, ikilowa inakuwa uji. Malengelenge tuliyapitisha uzi kwa sindano iliyochomwa kwenye moto wa kiberiti, na uzi tukauacha mle mle ili maji yatoke. Juzi binti mmoja muuguzi wa jeshi ameniambia ule uzi wetu ndio uliokuwa unaingiza uchafu. Nilibishana naye karibu nusu saa, kisha nikakubali, lakini kwa shingo upande.

Na nilikuwa na mafuta ya nazi. Mama yangu alinifungia chupa nzima siku naondoka, akidhani nitajipaka nywele. Poda ya miguu ilipokwisha nikaanza kuwapaka watu mafuta ya mama. Wenzetu wa bara walilalamika wananukia kama wanakwenda harusini. Mimi harufu ile ilinipa taabu nyingine. Kila nilipofungua kizibo niliona jiko la kwetu, mama anakuna nazi, kuku wanaizunguka mbuzi ya kukunia wakisubiri machicha. Chupa ilipoisha sikuitupa. Niliibeba tupu, na nilipozidiwa nilifungua nikanusa. Msije mkadhani askari analia kwa sababu ya risasi tu.

Alikuwepo sajini mmoja mkali mno, mtu wa kufoka, hata vyura walinyamaza akipita. Siku moja nikaweka mguu wake pajani, nikaanza kupapasa vidole. Sikusikia tusi. Nikainua macho, loo! Amelala. Kainamisha kichwa, mdomo wazi, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Koplo Yohana akanipa ishara nisiuachie ule mguu. Nilikaa nao mpaka ganzi ikanishika. Nililiona jambo lile kwa macho yangu na sikujifunza kitu.

Sasa nije kwa Maganga, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Maganga alikuwa mtu wa huku huku kwetu, wa Vigwaza, ila kwa asili Mnyamwezi. Babu yake alishuka na misafara ya mizigo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, akaonja samaki wa pwani, akasema harudi. Na nyie wenyewe mnajua, sisi watu wa pwani hii na Wanyamwezi ni watani. Nitamtukana mtani wangu mbele ya mkwewe, nitamwita mvivu, mlafi, mwizi wa kuku, na yeye haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ndiye mwenye makosa. Kule vitani, mbali na kila kitu, utani wetu ulikuwa kama kipande cha nyumbani. Kombania nzima ilikaa kusubiri tukutane.

Wiki moja Maganga alikuja kwangu siku tatu mfululizo, nje ya zamu yake, akisema mguu wa kulia unamuuma. Siku ya kwanza nikaushika, mzima. Nikamwambia nenda. Siku ya pili, mzima. Siku ya tatu akaja tena, akakaa, akavua buti polepole, akaninyooshea mguu. Mzima kabisa, wa joto, damu inarudi upesi. Nilijua kwamba mwenzake wa handaki, kijana wa Lindi anaitwa Hamisi, alikuwa amepigwa na kufa wiki ile ile. Nilijua, lakini sikuliunganisha jambo hilo na mguu. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nilihisi mtani wangu anategea.

Basi nikaupandisha ule mguu juu wote wauone. "Jamani, njooni muone maajabu! Mnyamwezi anaumwa mguu! Babu zake wamebeba mizigo kutoka Tabora mpaka kwetu pekupeku, yeye serikali imempa buti na bado analia. Huu si mguu wa Mnyamwezi, huu ni mguu wa mwali!"

Kombania ilianguka kwa kicheko. Hata yule sajini alicheka. Maganga naye akacheka, afanye nini? Akasema, "Ngoja mwali atoke ndani, mtani, utamtamani mwenyewe." Wakacheka tena. Akavaa soksi, akavaa buti, akafunga kamba, akaenda zake.

Toka siku ile hakuvua. Kwenye gwaride la miguu alikaa mwisho wa upande niliokagua mimi, mabuti yake miguuni, nikimfikia anasema, "Umeshanitibu kwa maneno, mtani, nimepona." Nami nacheka, nampitisha. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Ilikuwa ni mvua juu ya mvua, tunavuka mabwawa maji kiunoni. Siku tisa nilimpita Maganga bila kumgusa, kwa sababu ya utani tu. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemwambia vua, ni amri. Kwa mtani niliona tunaendeleza mchezo.

Siku ya kumi alianguka njiani. Hakupiga kelele, alikaa tu kwenye tope akawa hainuki. Buti halikutoka, ikabidi nilikate kwa kisu. Sitawaeleza nilichokiona, ila niliposhika sikukuta joto, na nilipobonyeza nilihesabu mpaka kumi. Koplo Yohana alikuwa amechuchumaa pembeni yangu. Akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Ulimshika lini mara ya mwisho?"

Maganga akautazama mguu wake, akanitazama mimi, midomo imekauka, akasema, "Haya mtani, mwali katoka ndani. Umemwonaje?"

Waliokuwa karibu walicheka, maana hawakujua wafanye nini. Mimi nilikwenda kusimamisha lori. Walimpakia pamoja na majeruhi wengine, na baada ya wiki mbili tukasikia kwamba mguu umekatwa chini ya goti.

Hakuna aliyenihukumu. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba aliumia vitani, na watu wa kwao Vigwaza wakaambiwa hivyo, wakamheshimu kwa hilo. Hata Koplo Yohana hakunitaja popote, ila tangu siku ile alikuwa anapita nyuma yangu kwenye gwaride akiwashika tena wale niliokwisha kuwashika. Iliniuma kuliko kupigwa. Ningepigwa, ningefungwa, labda ningekuwa nimemaliza.

Tuliporudi, Bagamoyo ilitupokea kwa ngoma. Mama alinikumbatia mbele ya watu mpaka nikaona aibu. Wiki ya kwanza alinikuta nalala sakafuni, kitanda kitupu. Hakuuliza, alinitandikia mkeka pale pale. Baadaye nikaoa, na mke wangu Mwanahamisi, Mungu amrehemu, aliniuliza miaka mingi: "Kule kulikuwaje, baba Zuhura?" Nilimwambia habari za tope, za chawa, za kile kichuguu. Alicheka sana kile kichuguu. Habari za Maganga sikumwambia, na sasa hayupo wa kuambiwa. Watoto wako Dar, wananipigia simu Ijumaa. Nyumba ina vyumba vinne nami natumia kimoja.

Na kuna jambo nimelijua uzeeni. Miaka yote ile jeshini nilishika maelfu ya miguu, na hakuna hata siku moja mtu aliyeshika wangu. Nani amkague fundi? Mpaka leo nikitoka msikitini alasiri nakaa kibarazani, navua makubadhi, najibonyeza mwenyewe, nahesabu mpaka tatu. Ndiyo maana mnaniona nimeinama pale, msidhani naokota kitu.

Vigwaza si mbali. Ni kwenda Mlandizi, unashika barabara ya Morogoro, umefika. Lakini kila niliposafiri kwenda Chalinze au Morogoro, basi likikaribia Vigwaza nilijifanya nimesinzia. Miaka arobaini na ushee nasinzia pale pale! Kondakta mmoja alifikiri naumwa.

Mwezi uliopita, kwenye msiba wa jirani, mgeni mmoja aliketi karibu nami, akaniuliza kama namjua Mzee Shabani wa jeshini. Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Nimetumwa na Mzee Maganga wa kwetu Vigwaza. Anasema umri umekwenda, na yeye sukari imemshika. Anauliza, akifa, ni nani atakayekuja kumtukana msibani? Mtani wake yuko wapi?"

Mnacheka, lakini kwetu hilo si dogo. Mtani ndiye anayekuja msibani akawachekesha wafiwa, akalala kwenye kitanda cha marehemu na kugoma kutoka. Maganga alikuwa anadai msiba wake. Na mimi nikajua kwamba kama atatangulia, nitakwenda kumtania mbele ya watoto wake, nitautania ule mguu, na hilo sitaliweza. Lazima anisikie kwanza akiwa hai.

Nilinunua chupa ya mafuta ya nazi hapa hapa sokoni, nikapanda gari.

Alinipokea bintiye, mama mtu mzima sasa. "Shikamoo baba. Wewe ndiye mtani?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi."

Maganga alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya mlango, mguu wa bandia kauvua kauegemeza ukutani, vifaranga wanatambaa juu yake. Malori yanapita barabarani hatua chache tu kutoka pale. Akanitazama tangu kichwani mpaka chini.

"Ala! Kumbe huyu mzimu bado anatembea? Mimi nilijua wamekuzika, nikanuna kwamba hawakunialika."

Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu Mlandizi. Nikayaacha. Nikasema tu, "Maganga."

Akaacha kucheka. Tangu tujuane nilikuwa sijamwita jina lake.

"Nimekuja kukuomba radhi. Ule mguu niliukata mimi."

"Acha, mtani. Utani hauombewi radhi. Ukiomba radhi, umeuua."

"Basi na ufe. Mimi nimeubeba mpaka nimechoka."

Lori likapita, vumbi likatuingia, tukasubiri litulie. Maganga alikuwa anakiangalia kile kifaranga kilichopanda kwenye mguu wa bandia. Akasema, "Zile siku tatu haukuwa unauma."

"Nini?"

"Mguu. Ulisema mzima, na ulikuwa mzima kweli. Hamisi alikuwa amekufa. Nililala peke yangu kwenye lile handaki, na blanketi lake lilikuwa bado linanuka yeye. Wiki nzima hakuna mtu aliyenigusa, Shabani. Tulikuwa tunagusana tukigombea chakula tu. Nikakuona wewe kila alasiri unawashika watu miguu, taratibu, kama mama. Nikasema, na mimi nitaumwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Fundi, sina ugonjwa, naomba unishike mguu?" Akacheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, mzee mzima na kofia yangu kichwani, bintiye akaingia ndani akatuachia uwanja.

"Halafu ukaniita mwali," alisema. "Nikaona bora nisivue kabisa. Ule ulikuwa ukaidi wangu, usijipe sifa zote."

Nikavuta kigoda, nikakaa chini. Nikamwambia, "Lete huo uliobaki." Akaniwekea pajani mguu wake wa kushoto. Nilipapasa katikati ya vidole. Kisigino kimepasuka, na kwa mtu wa sukari ufa ule si wa kuchezea, nikamwambia lazima aende kituo cha afya kesho yake, akasema sawa afande. Nikabonyeza, damu ikarudi kwenye mbili. Nikampaka mafuta ya nazi mpaka shavu la mguu. Kisha nikamwuliza lile swali la Koplo Yohana, ambalo nilikuwa nadaiwa tangu mvua ile: "Na mwenyewe umelalaje?"

Akaanza kusema, akasema mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Alimsema Hamisi, blanketi, hospitali, mke wake aliyemwoa yeye akiwa na mguu mmoja, ndoto zake. Mimi sikufanya kitu ila kushika.

Alipomaliza nikajifuta mikono, nikanyanyuka, nikatafuta fimbo yangu. Saa za gari zilikuwa zimefika.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza. "Kaa kwenye kiti. Vua viatu."

"Mimi siumwi, mtani."

"Nimekuuliza kama unaumwa? Vua."

Akashuka mwenyewe kwenye kigoda, kwa shida, akishika ukuta. Nikavua. Aliushika mguu wangu vibaya, kama anayeshika samaki anayeponyoka, mikono migumu ya jembe. Akabonyeza kwa dole gumba, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Halafu akainua uso.

"Na wewe, mtani, umelalaje?"

Nikaanza na ule usiku wa kwanza niliolala sakafuni kwa mama. Gari la Mlandizi likapiga honi kule barabarani, nami nikaliacha liende.